Jiko la Wasomaji: Maswali yenu kuhusu kikaangio cha hewa

Jumbe nyingi mlizotutumia safari hii zinahusu kikaangio cha hewa, chombo ambacho wengi wenu mnakiita eafraya. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa hata yule ambaye hakuuliza. Kitu kimoja mkishike kabla hatujaanza, maana makosa mengi mliyotuandikia yanatoka hapo: chombo hiki hakikaangi. Ni oveni ndogo yenye koili juu, na feni inayosukuma hewa ya moto kwa nguvu kuzunguka chakula. Chakula kinakauka na kupata rangi pale tu hewa hiyo inapokigusa. Isipokifikia, kinaiva kwa mvuke wake chenyewe na kubaki laini.

Chipsi laini, ncha zimeungua

"Chipsi zangu zinatoka laini, tena nyingine zimeungua ncha huku katikati hazijaiva. Nafuata kijitabu: nyuzi 200, dakika 15. Kikaangio changu ni cha lita 4 na nyumbani tuko watano. Nakosea wapi?" Mama wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam

Mama, tunadhani unakijaza. Kikaangio cha lita 4 kinamudu gramu 500 za viazi vilivyokwisha kumenywa na kukatwa, zikizidi sana 600. Ukitia kilo nzima ili watano mle kwa mkupuo mmoja, vya katikati vinapikwa kwa mvuke na vya juu, vilivyo karibu na koili, vinaungua.

Kata viazi unene wa sentimita moja, vyote sawasawa. Viloweke kwenye maji baridi kwa nusu saa, ukibadilisha maji mara moja au mbili hadi yaache kuwa meupe. Weupe huo ni wanga. Ukibaki juu ya kiazi unafanya vipande vinatane na kuwahi kubadilika rangi kabla ndani hakujaiva. Kisha vimwage kwenye taulo safi la jikoni uvikaushe kweli kweli, mpaka uso wa kiazi usiwe unang'aa kwa maji. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayoamua. Maji yakibaki, dakika tano sita za mwanzo zote zinakwisha kwa kuyakausha, na chipsi zinakuwa zimeshalegea.

Mafuta ni kijiko kimoja cha chakula kwa gramu 500. Tia kwenye bakuli pamoja na viazi, changanya kwa mkono hadi kila kipande kipate. Usimwage mafuta juu ya viazi vikiwa kwenye kikapu. Yatapita kwenye matundu na kukaa chini, kisha yatakutolea moshi. Chumvi ngoja mwisho, kwa sababu inavuta maji nje ya kiazi.

Sasa moto. Usianze na nyuzi 200. Anza na 160 kwa dakika 12, ukitikisa kikapu dakika ya sita. Hapo ndani kunaiva. Halafu panda hadi 200 kwa dakika 8 mpaka 10, ukitikisa kila baada ya dakika nne. Hapo ndipo ganda linakaza. Kwa watu watano, pika fungu la kwanza kwa 160, litandaze kwenye sinia, pika la pili vilevile, kisha malizia kila fungu kwa 200. Fungu la mwisho linatoka watu wakiwa wamekaa mezani.

Kuhusu ncha kuungua, angalia pia viazi vyenyewe. Viazi vilivyokaa kwenye friji hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo inakuwa kahawia upesi sana. Viazi vichanga vyenye maji mengi navyo vinasumbua. Weka viazi kwenye kikapu au gunia, mahali pakavu pasipo na mwanga. Chipsi zitoe zikiwa na rangi ya dhahabu. Zikifika kahawia iliyokolea zinakuwa chungu, na ndipo ile kemikali ya akrilamaidi, ambayo wataalamu wa chakula wanashauri tuipunguze, inapoongezeka.

Za kugandisha za dukani zimeshakaangwa nusu kiwandani. Haziongezwi mafuta wala haziyeyushwi: zitie zikiwa na barafu yake, nyuzi 200, dakika 15 hadi 18.

Na kwa kuwa wengi mmeuliza: chipsi mayai zinawezekana. Tafuta chombo cha keki cha duara kinachoingia kwenye kikapu na kuacha nafasi pembeni. Kipake mafuta, panga chipsi zilizokwisha kuiva, mwagia mayai matatu yaliyopigwa na chumvi na kitunguu, nyuzi 160, dakika 8 hadi 10. Katikati pakiwa hapatikisiki tena, toa.

Umeme, na chakula kinachochelewa

"Jirani ananiambia nitafilisika kwa tokeni. Ni kweli? Na mbona jioni chakula kilekile kinachukua muda mrefu kuliko mchana?" Msomaji wa Kitengela, Kenya

Tazama kibandiko kilicho chini au nyuma ya chombo, utaona wati zake. Vingi viko kati ya 1,200 na 1,800. Cha wati 1,500 kikiwaka mfululizo kwa dakika 20 kinatumia nusu yuniti, na kwa kawaida kinatumia pungufu ya hapo, maana themostati huzima koili joto likitimia na kuiwasha likishuka. Chukua risiti yako ya tokeni, gawa pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopewa, kisha gawa kwa mbili. Hiyo ndiyo gharama ya juu kabisa ya dakika hizo 20. Kwa mlo wa watu wawili watatu ni nafuu kuliko kuwasha oveni kubwa. Lakini ukilazimika kupika mafungu manne, nafuu hiyo inayeyuka na gesi inaweza kukufaa zaidi.

La jioni lina sababu. Watu wakiwasha vyombo wote kwa pamoja, volti zinashuka, na nguvu ya koili hushuka kwa kasi kuliko volti. Chombo kilichotengenezwa kwa volti 230 kikipata 200 kinabaki na kama asilimia 76 ya nguvu yake. Kikipata 190, kama asilimia 68. Hapo dakika za kijitabu hazina maana tena. Pasha kikaangio kitupu dakika tano badala ya tatu, punguza kiasi cha chakula, na amini macho kuliko saa.

Usikitumie kwenye ekstensheni nyembamba. Wati 1,800 ni karibu ampea 8, na waya mwembamba unapata moto hadi plastiki yake inalainika. Kama hakuna budi, tafuta ekstensheni yenye waya wa milimita mraba 1.5 au zaidi, wenye kuandikwa ampea 13, na usichomeke jagi la umeme hapo hapo. Fyuzi ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000 kwa jumla, na vyombo hivyo viwili vikiwa pamoja vinaweza kuvuka hapo kwa urahisi.

Umeme ukikatika kuku akiwa nusu, usimwache ndani akisubiri urudi. Ni nyama ya uvuguvugu, na bakteria hawahitaji zaidi ya hapo. Mhamishie kwenye sufuria, tia maji kidogo, funika, malizia kwa gesi au mkaa.

Kuku mwenye damu, na kuku asiyetafunika

"Nikipika mapaja ya kuku nakuta wekundu karibu na mfupa. Nikiongeza muda nje kunakauka. Juzi nikajaribu wa kienyeji, akawa mgumu kama mpira." Kaka wa Sakina, Arusha

Hao ni kuku wawili tofauti, na kila mmoja ana njia yake.

Wa kisasa: wekundu wa mfupani mara nyingi si ubichi. Kuku hawa wanachinjwa wakiwa wadogo, mifupa yao bado ina vitundu, na rangi ya uboho hupenya kwenye nyama hata ikiwa imeiva. Ndiyo maana rangi haitoshi kuwa kipimo. Kipimo cha uhakika ni kipimajoto cha nyama: kichome sehemu nene kabisa bila kugusa mfupa, kisome nyuzi 74 au zaidi. Kama huna, toboa kwenye kiungo cha paja. Maji yanayotoka yawe meupe, na nyama iachane na mfupa ukiivuta.

Ubichi wa kweli mara nyingi chanzo chake ni barafu. Kuku aliyetoka friza asubuhi na kuingia kikaangioni mchana anaweza kuonekana ameyeyuka huku pembeni ya mfupa kukiwa bado na barafu. Mshushe kwenye friji usiku mzima.

Viungo kwa kilo moja ya mapaja: mtindi mzito nusu kikombe, vitunguu saumu punje tano na tangawizi kipande cha kidole gumba vilivyotwangwa pamoja, masala ya kuku kijiko cha chakula, chumvi kijiko cha chai na nusu, maji ya nusu ndimu, mafuta kijiko cha chakula. Changanya, acha kwenye friji saa mbili au zaidi. Mtindi na mafuta vinashikilia masala yasiungue; masala makavu yaliyonyunyizwa juu ya ngozi yanapeperushwa na feni, na yanayobaki yanakuwa machungu. Ukipenda asali au tomato sosi, paka dakika tano za mwisho tu.

Panga mapaja bila kupandana. Nyuzi 180, ngozi ikiangalia chini dakika 12, geuza, ngozi juu dakika 10 hadi 13. Kidari bila mfupa kinatosha dakika 14 hadi 16, na kikizidi hapo kinakuwa kikavu kabisa.

Wa kienyeji usimpeleke kikaangioni akiwa mbichi. Nyama yake imekaza kwa sababu ametembea na ameishi muda mrefu, na kinachoilainisha ni maji na muda, vitu ambavyo hewa ya moto haina. Mchemshe kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka uma uingie bila kulazimisha. Jogoo mzee anaweza kuchukua saa moja na nusu. Supu weka pembeni, hiyo ni mali. Vipande vichuje maji, viache vipoe na kukauka uso kwa dakika kumi, vipake kijiko cha mafuta, kisha nyuzi 200 kwa dakika 8 hadi 10. Nje kutakaza, ndani kutabaki laini.

Moshi

"Kikaangio kinatoa moshi mweupe nikipika nyama. Kinaharibika?" Msomaji wa Nakuru

La. Mafuta ya nyama yanadondoka kwenye droo yenye moto na kuungua. Tia maji vijiko vitatu vinne vya chakula kwenye droo, chini ya kikapu, kabla ya kupika nyama yenye mafuta au ngozi. Kama moshi unatoka hata ukipika mkate, ni mafuta ya zamani yaliyoganda kwenye koili: soma jibu la usafi hapo chini. Moshi mweusi au harufu ya plastiki kwenye chombo ambacho si kipya ni jambo jingine. Chomoa plagi papo hapo, usifungue droo mpaka utulie, na usikitumie tena kabla fundi hajakiona.

Kikiwa kipya, harufu ya kiwandani ni ya kawaida. Kiwashe kitupu kwa nyuzi 200, dakika 15, dirisha likiwa wazi, na urudie mara ya pili kikishapoa.

Mahamri, bagia na kalimati

"Wanangu, hawajambo huko? Wajukuu wameniletea hiki chombo maana daktari amenipunguzia mafuta. Nataka kujua kama kitanipikia mahamri, bagia za kunde na kalimati." Bibi wa Ngamiani, Tanga

Shikamoo bibi. Tutakwambia ukweli kwa kila kimoja.

Kalimati, hapana. Unga wake ni mwepesi, utapita kwenye matundu ya kikapu kabla haujashika. Kinachofanya kalimati iwe duara ni kuzama kwenye mafuta ya moto pande zote kwa wakati mmoja, na hewa haiwezi kufanya hivyo. Bhajia za viazi zilizochovywa kwenye uji wa dengu nazo zimo kundi hilohilo.

Bagia za kunde zinawezekana ukisaga kunde bila kuongeza maji, mchanganyiko uwe mzito wa kufinyangika. Tengeneza vidonge bapa, unene wa sentimita moja na nusu, vipange kwenye karatasi ya kuokea iliyopakwa mafuta, vipake mafuta juu. Nyuzi 190, dakika 12 hadi 14, geuza mara moja. Zitakuwa kavu kidogo kuliko ulizozoea, kwa hiyo chatne ya nazi isikosekane.

Mahamri yatatoka matamu, lakini yatakaribia mkate. Kwenye mafuta moto unaingia haraka, mvuke unafumuka ndani ghafla na kuyafanya yavimbe na kuwa na uwazi katikati. Kwenye hewa joto linaingia polepole, ngozi inakaza kabla mvuke haujapata nguvu. Hakuna ufundi wa kuliondoa hilo, na anayekuahidi uwazi uleule anakudanganya. Kipimo: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 80, hamira vijiko viwili vya chai, iliki ya kusaga kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, tui zito la uvuguvugu mililita 250 hadi 300. Kanda dakika kumi, unga uwe laini kuliko wa mahamri ya kukaanga, maana hewa itauondolea maji. Ukiumuka mara mbili yake, sukuma unene wa sentimita moja, kata, acha yaumuke tena dakika 20 hadi 30. Pasha kikaangio, paka mahamri tui pande zote, panga yasigusane. Nyuzi 175, dakika 5, geuza, dakika 3 au 4. Yakitoka tu yapake tui au mafuta kidogo na uyafunike kwa kitambaa, ngozi irudi kuwa laini. Sukari na tui vimo bado, bibi, kwa hiyo punguzo ni la mafuta ya kukaangia peke yake. Muulize daktari idadi.

Kinachokubali kuliko vyote ni sambusa. Nyama iive na ikauke kwanza, manda ifungwe vizuri, pande zote zipakwe mafuta kwa brashi. Pasipopakwa panabaki na madoa meupe ya unga. Nyuzi 180, dakika 10 hadi 12, geuza katikati.

Samaki anaganda kwenye kikapu

"Samaki akiiva ngozi yote yabaki kwenye kikapu. Na je, samaki wa kupaka aweza kupikwa humu?" Msomaji wa Kisauni, Mombasa

Anaganda kwa sababu aliingia na maji, au kikapu kilikuwa baridi, au uligeuza mapema. Changu au tafi wa gramu 400, mchanje mara tatu kila upande, mpake chumvi kijiko kidogo, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu moja. Nusu saa inatosha. Akikaa na ndimu masaa, nyama ya juu inakazwa na asidi na inamumunyuka ikipata moto. Kabla hajaingia mfute kwa kitambaa mpaka ngozi ikauke, kisha mpake mafuta. Pasha kikapu dakika tatu, kipake mafuta, mlaze samaki. Nyuzi 190, dakika kumi bila kumgusa. Ngozi ikishakauka inajiachia yenyewe. Mgeuze kwa mwiko bapa, dakika tano au sita nyingine.

Wa kupaka anatoka vizuri mno, ndugu yetu, maana moto unatoka juu, kama makaa yaliyowekwa juu ya kifuniko. Pika tui zito kikombe kimoja na nyanya mbili za kusaga, bizari nusu kijiko cha chai, pilipili mbuzi, chumvi, mpaka liwe zito la kushika mgongo wa kijiko. Tia ndimu ukishaepua. Samaki akishaiva mhamishie kwenye sinia dogo linaloingia kikapuni, mpake tui hilo kwa wingi, nyuzi 200, dakika tatu. Paka tena, dakika mbili. Tui linaanza kutokota pembezoni, mafuta yanajitenga, na madoa ya kahawia yanatokea kwenye michanjo. Hapo toa. Usipake tui jepesi: litachuruzika lote na kuacha samaki mtupu.

Kikaangio kutoka Marekani

"Narudi Dar na nina kikaangio nilichonunua hapa. Nikinunua adapta kitafanya kazi? Pia nyuzi zenu hazifanani na za kwangu." Msomaji wa Columbus, Ohio

Kiache huko, kaka. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, haibadilishi umeme. Chombo cha volti 120 kikipewa 230 kinavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya uwezo wake, na kinaungua. Transforma ya kushusha volti iwe ya wati 2,000 au zaidi. Ni nzito, ni ghali, na hata hivyo umeme wa nyumbani una masafa ya hezi 50 badala ya 60, jambo linaloweza kupunguza kasi ya feni. Uza, ununue kingine ukifika.

Nyuzi za kwako ni za Farenhaiti. Tuandikapo 160 weka 320, 180 weka 360, 200 weka 400.

Mishkaki mikavu

"Mishkaki inakuwa mikavu na vijiti vinaungua." Msomaji wa Muscat, Oman

Kata nyama vipande vya sentimita mbili na nusu, visiwe vidogo. Kwa nusu kilo tumia papai bichi la kusaga kijiko kimoja cha chakula, na lisikae zaidi ya saa moja, kwa sababu kimeng'enya chake hakikomi na nyama itakuwa kama uji. Mafuta vijiko viwili. Vijiti vikatwe vitoshe kikapu na vilowekwe nusu saa. Nyuzi 200, dakika 8 hadi 10, geuza mara moja. Joto dogo kwa muda mrefu ndilo linalokausha.

Mihogo, ndizi na karanga

"Vitafunwa vya asubuhi: mihogo, ndizi mbivu, karanga. Nipeni vipimo." Msomaji wa Mwanakwerekwe, Unguja

Mihogo isiingie mibichi. Ina viini vinavyotoa sumu ya sianidi, vingi zaidi kwenye ile ya uchungu na kwenye maganda. Menya ganda la nje na lile nene la ndani, toa uzi wa katikati, chemsha kwenye maji mengi yenye chumvi hadi ianze kupasuka, maji yamwage. Ipoe, ipake mafuta kijiko kimoja kwa nusu kilo, nyuzi 200, dakika 12 hadi 15. Ile mipasuko ndiyo inayokuwa migumu na mitamu.

Mzuzu mbivu yenye madoa meusi: kata mshazari unene wa sentimita moja, paka mafuta, nyuzi 180, dakika 10 hadi 12. Karanga robo kilo, safu moja, nyuzi 160, dakika 10 hadi 12, tikisa kila dakika tatu. Zitoe zikiwa bado hazijakolea na uzitandaze kwenye sinia, maana zinaendelea kuiva kwa joto lake.

Majibu ya haraka

Ugali, wali na maharage: sufuria. Mayai ya kuchemsha yanawezekana kwa nyuzi 130, dakika 15, lakini mengine yanapasuka, na sufuria inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Chapati mbichi inakauka kama biskuti. Ya jana inyunyizie maji, ifunge kwa foili, nyuzi 160, dakika tatu. Dagaa na majani ya sukuma vinapeperuka hadi kwenye koili, kwa hiyo vifunike kwa kijiwavu cha chuma kizito. Karatasi ya kuokea nayo isiwekwe ndani bila chakula juu yake. Inaruka na kushika moto. Foili isizibe matundu yote.

Kikapu kinabanduka

"Rangi nyeusi ya ndani imeanza kutoka vipande. Nimekuwa nikisugua kwa steelwaya. Naweza kuendelea?" Mama wa Nyegezi, Mwanza

Steelwaya ndiyo iliyoharibu, mama. Kipande kidogo ukikimeza kwa bahati mbaya kinapita tu tumboni, lakini kikapu kinachobanduka kwa vipande kibadilishe: chakula kitaanza kuganda, na chuma kilichobaki wazi kitapata kutu. Ulizia kikapu peke yake kabla hujanunua chombo kizima.

Kipya kitunze hivi. Kiache kipoe, usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Tia maji ya vuguvugu na sabuni, kiloweke dakika 20, osha kwa sponji laini. Tumia mwiko wa mbao au silikoni. Mafuta ya kopo la kupuliza kwa gesi yanaacha utando unaonata usiotoka; nunua chupa ya kupampu, weka mafuta yako ya kawaida.

Mara moja kwa mwezi safisha koili. Chomoa, kipoe kabisa, toa droo, pindua chombo juu chini, futa koili kwa mswaki laini wenye maji na sabuni kidogo, kisha kwa kitambaa chenye unyevu. Kikauke saa kadhaa kabla ya kukiwasha.

Ninunue ukubwa gani?

"Familia ya watu sita. Dukani kuna lita 4, 6 na 8." Msomaji wa Kibaha, Pwani

Chukua 8, au 6 kama wadogo ni wengi. Ila lita zinakueleza ujazo, si upana wa sakafu, na chakula hakipandani humu. Dukani fungua droo upime sakafu ya kikapu: kwa watu sita isipungue sentimita 24 kwa 24, ienee mapaja manane ya kuku bila kubanana. Kikapu cha mraba kinabeba zaidi kuliko cha duara. Soma kibandiko: volti 220 hadi 240. Kama umeme wa mtaani kwenu unapanda na kushuka, sisi tunapendelea chenye nobu mbili za kuzungusha kuliko chenye kioo cha kugusa, kwa sababu fundi yeyote anaweza kuzibadilisha. Nyumbani kipe sentimita 15 nyuma kwa ajili ya hewa ya moto inayotoka, na usikiweke juu ya jiko la gesi hata likiwa limezimwa, kwa sababu siku mtu akilizungusha swichi kwa kusahau kitayeyuka kuanzia chini.